Sikio Kabla ya Spana

Kuna usemi mmoja ambao nimechoka kuusikia. Husemwa na wenye magari wa kila namna, wasomi kwa wasiosoma, wenye fedha kwa wenye madeni: "Gari kuukuu halikosi kelele." Mtu huutamka kwa utulivu wa mzee aliyekwisha kata shauri, ilhali hakuna shauri alilolikata, amekwepa tu kufikiri. Akishautamka hunyosha mkono, huongeza sauti ya redio, na safari huendelea. Chini ya miguu yake kitu kinaendelea kugonga, ko-ko-ko, kama mtu anayebisha hodi usiku wa manane, na mwenye nyumba amejifunika shuka gubigubi.

Ndugu msomaji, makala haya nimeyaandika kuupinga usemi huo, na kuwapinga wote wanaonufaika nao. Uzee hauna mlio. Miaka haigongi wala haikwaruzi. Kinachogonga ni bolti iliyolegea. Kinachokwaruza ni pedi ya breki iliyokwisha. Kinacholia kama njuga ni bati lililokatika shikio lake moja. Karibu kila mlio wa gari, uwe mkubwa au mdogo, hutokana na moja kati ya mambo mawili: ama vitu vilivyopaswa kushikamana vimeachana, ama vitu vilivyopaswa kuachana vinagusana. Ukilikubali hilo, umekwisha kubali pia kwamba mlio una mahali pake, na chenye mahali hutafutika.

Najua jibu linalokuja. Nitaambiwa kwamba barabara zetu ni mbovu. Ni kweli, wala sitabishana na mtu juu ya mashimo ambayo nayapita mimi mwenyewe kila siku. Lakini hoja hiyo inaniunga mkono mimi. Barabara huuliza, na gari hujibu. Magari mawili yakipita katika shimo moja, moja litanyamaza na jingine litapiga mayowe, na shimo ni lile lile. Nchi yenye lami laini kila mahali inaweza kumvumilia dereva kiziwi kwa muda mrefu. Kwetu, ambako kila nati hutikiswa kutwa kucha, kiziwi hafiki mbali.

Huko kwa waundaji wa magari wapo wahandisi ambao kazi yao ya kila siku ni milio hii midogo midogo. Hulipandisha gari jipya juu ya mitambo inayoyatikisa magurudumu yote manne, kana kwamba gari linapita kwenye barabara mbovu, kisha wakasikiliza. Kampuni hugharimia hayo kwa sababu zinajua kwamba mnunuzi huupima ubora kwa sikio. Mwaka 1958 David Ogilvy, bingwa wa matangazo ya biashara, aliinadi Rolls-Royce kwa kueleza kwamba gari likienda maili 60 kwa saa, yaani karibu kilometa 97, sauti kubwa kuliko zote humo ndani ilikuwa ya saa ya umeme. Hakuanza na nguvu za injini wala urembo wa viti. Alianza na ukimya, na tangazo hilo linakumbukwa hadi leo. Sisi mtambo wa kutikisa magari tunao wa bure. Unaanzia pale lami inapoishia. Tulichokosa ni mtu wa kukaa ndani akasikiliza.

Mtu asidhani kwamba nazungumzia starehe. Hebu tuitazame milio yenyewe. Ule wa tik-tik-tik unaosikika unapokata kona kali, hasa usukani ukiwa umezungushwa hadi mwisho, kwa kawaida ni jointi ya ekseli ya mbele iliyolika. Siku itakapokatika, injini itanguruma na gari halitasogea. Kishindo kizito chini ya gurudumu la mbele, kila unapoingia shimoni, chaweza kuwa boli jointi. Hiyo ikichomoka, gurudumu hulala upande na usukani hauna tena cha kuongoza. Kugonga kunakofuatana na mzunguko wa gurudumu, kukizidi kadiri mwendo unavyozidi, kwaweza kuwa ni nati za gurudumu zilizolegea. Huo si mlio wa kufika nao nyumbani; ni wa kusimama papo hapo. Bomba la moshi lililoachana na shikio lake hugonga sakafu, hatimaye hupasuka kwenye maungio, na moshi wenye kaboni monoksaidi, hewa yenye sumu isiyo na rangi wala harufu, huweza kupenya hadi walipolala watoto kwenye kiti cha nyuma. Mambo haya kwa kawaida hubisha hodi kwanza, tena kwa siku nyingi. Mdharau mwiba mguu huota tende, na mdharau nati huota gongo la kutembelea.

Hapa naja kwa adui wa pili wa sikio, naye ni fundi anayebahatisha. Mwenye gari anafika gereji, anasema, "Fundi, mbele kunagonga." Fundi hajauliza ni wakati gani, hajauliza upande upi, hajaingia hata ndani ya gari. Analitikisa bampa mara moja, anasema, "Mzee, shokapu zimekufa hizo." Zinanunuliwa, zinafungwa. Kesho kunagonga. "Basi ni bushi, mzee." Zinanunuliwa bushi. Keshokutwa kunagonga. Huo si ufundi. Ni bahati nasibu, na tiketi anainunua mteja.

Jirani yangu mmoja, mwalimu wa shule ya msingi, alichezeshwa bahati nasibu hiyo kwa miezi miwili. Gari lake lilikuwa likigonga mbele, upande wa kushoto. Gereji moja ilimbadilishia shokapu zote mbili za mbele. Nyingine ikambadilishia linki za stabilaiza. Kelele ikabaki pale pale, naye akaanza kuuimba ule usemi wa gari kuukuu. Tukampeleka kwa fundi mmoja mtu mzima, ambaye kwa nusu saa ya kwanza hakugusa spana.

"Mwalimu," alimwuliza, "linagonga ukipita kwenye shimo, au ukikanyaga breki?"

Mwalimu alifikiri kidogo. "Nikikanyaga breki. Na nikiondoka."

"Mfululizo, au mara moja?"

"Mara moja tu. Ko! Halafu basi."

Fundi akaniomba mimi nishike usukani. Yeye akakaa kiti cha mbele cha abiria, kisha cha nyuma, kiganja amekiweka sakafuni. Nikaondoka, nikafunga breki, nikaondoka tena, labda mara kumi katika uwanja ule. Tuliporudi akalipandisha gari, akaweka stendi, akaingia uvunguni na mtaimbo mfupi, akausukuma ule mkono wa chuma ulio chini, unaoliunganisha gurudumu na fremu. Mkono ukasogea, ukasema ko! Nati ya bolti yake ya nyuma ilikuwa imelegea. Kila breki ilipokamata, gurudumu lilikuwa likirudi nyuma kidogo. Kila gari lilipoondoka, likisogea mbele. Gari linalobeba watoto wa mwalimu kila asubuhi lilikuwa likitegemea nati inayojifungua, na kando yake shokapu mpya zinang'aa.

Fundi yule alitoza fedha zake, na mwalimu alizilipa. Lakini njia nzima alinung'unika: fedha zote hizo kwa kukaza nati moja! Zile shokapu mbili ambazo hakuzihitaji hazikumuuma vile. Shokapu alizishika mkononi. Zilikuwa na boksi na risiti. Nusu saa ya kusikiliza haina boksi. Hapo ndipo ulipo ugonjwa wenyewe: wenye magari wanalipa mkono, hawalipi sikio.

Kwa hiyo fundi anayebahatisha hakuzuka tu kama uyoga. Amelelewa. Mteja anayekataa kulipia saa moja ya kutafuta, lakini akalipa bila swali anapoletewa kifaa kipya, anamfundisha fundi kutafuta vifaa vya kuuza badala ya kuutafuta ugonjwa. Fundi naye ana kodi ya nyumba na ada za watoto. Akisikiliza saa mbili asilipwe, kesho hatasikiliza. Ukitaka fundi mwenye masikio, mwambie tangu mlangoni: "Fundi, nitakulipa kwa kuitafuta kelele hii, hata kama hakuna kifaa cha kununua." Sentensi hiyo moja hubadilisha mazungumzo yote ya gereji.

Kwa daktari tumekwisha kuelewa jambo hili. Mwaka 1816, huko Paris, daktari René Laennec alikunja karatasi ikawa kama bomba, akaweka ncha moja kifuani pa mgonjwa na nyingine sikioni mwake, akayasikia mapigo ya moyo vizuri kuliko kwa sikio tupu. Kutokana na karatasi ile tumepata kile kipimo kinachoning'inia shingoni mwa madaktari duniani kote. Leo mgonjwa atamkimbia daktari atakayetaka kumpasua kifua kabla ya kukisikiliza. Fundi wa magari naye anayo karatasi ya Laennec: kipande cha mpira wa maji chenye urefu wa meta moja, ncha moja sikioni, ncha ya pili ikipitishwa polepole kando ya injini, mbali na feni na mikanda. Palipo na mlio, mpira husema. Kifaa hicho hakina bei ya kumshinda mtu, na bado ni nadra kukiona gerejini.

Wapo watakaosema, "Mimi si fundi." Vizuri, hakuna anayekuomba uwe fundi. Lakini wewe unaishi na mlio huo mwezi mzima, na fundi atausikia dakika kumi. Tena mara nyingi gari likifika gereji hunyamaza, kama mtoto aliyeacha kukohoa mlangoni pa daktari. Shahidi mkuu ni wewe, na shahidi anayesema "kunagonga tu" hafai mahakama yoyote. Andika kwenye karatasi: Linalia likiwa baridi au likishapata moto? Likiwa limesimama, au mpaka litembee? Ukikata kulia au kushoto? Ukiwa peke yako au ukipakia? Ni mlio wa chuma, wa plastiki au wa kitu kizito? Majibu hayo huondoa nusu ya washukiwa kabla boneti haijafunguliwa.

Kisha toa kila kitu kinachotoka. Jeki inayorandaranda butini, spana ya magurudumu, tairi la akiba ambalo bolti yake haikukazwa, chupa iliyoviringika chini ya kiti, sarafu kwenye kisahani cha majivu: hawa ndio wahalifu wadogo wanaowatia hatiani wenzao. Kaza kibao cha namba. Tazama kama betri imefungwa vizuri mahali pake. Angalia mkanda wa kiti kisicho na mtu. Kifungo chake kikigonga plastiki ya nguzo husikika kama balaa kubwa. Endesha tena. Mlio ukiwa umekwisha, umelitengeneza gari bila senti.

Ukibaki, mpe mwenzio usukani, nawe ukae kila kiti kwa zamu, maana dereva hawezi kuendesha na kupekua kwa pamoja. Bonyeza kwa kiganja dashibodi, mlango, dari. Pale utakapobonyeza mlio ukakoma, ndipo mahali pake, na kipande cha mpira wa tyubu kuukuu kikiwekwa kati ya plastiki mbili mara nyingi hutosha. Kama unatoka nje, ziulize sehemu moja moja. Gusa breki kidogo sana wakati mlio unaendelea: ukikoma, tazama pedi na vibanio vyake. Pita kwenye tuta kwa magurudumu yote mawili ya mbele pamoja, halafu pitisha gurudumu la upande mmoja tu shimoni. Kelele ikija shimoni na isije kwenye tuta, shuku linki na bushi za stabilaiza, kwa sababu chuma hicho hufanya kazi pale gurudumu moja linapopanda na mwenzake akabaki. Bomba la moshi likiwa baridi kabisa, ligonge kwa ngumi taratibu kutoka mbele hadi nyuma. Bati la kukinga joto lililoachia litakujibu lenyewe. Likandamize gari kwenye kona moja, juu ya gurudumu, kisha uliachie: likiendelea kudundadunda, hapo sasa shokapu inastahili lawama. Na gurudumu likiwa juu, lishike juu na chini ulitikise, kisha kushoto na kulia. Gurudumu zima halichezi. Ila yeyote anayeingia uvunguni asiiamini jeki peke yake. Jeki huteleza, na chuma hakina huruma.

Kuna mlio ambao watu huuita wa mashetani, kwa kuwa hutokea kwenye kilometa 80 kwa saa tu. Ukipunguza mwendo haupo, ukizidisha haupo. Hakuna shetani hapo. Tairi la gari dogo lina mzingo wa karibu meta 2. Kwenye mwendo wa kilometa 80 kwa saa, gari hukata zaidi kidogo ya meta 22 kwa sekunde, yaani tairi huzunguka kama mara 11 katika kila sekunde moja. Kila kitu kilicholegea nacho kina kasi yake ya kutikisika, kama bembea: ukiisukuma kwa wakati wake hupaa, ukiisukuma nje ya wakati wake hutulia. Mitikisiko ya gari inapolingana na kasi hiyo, kitu huimba. Basi mwendo nao ni ushahidi. Jaribu mwendo ule ule kwa gia nyingine: mlio ukibaki pale pale, utafute upande wa magurudumu, ukihama pamoja na kasi ya injini, utafute kwenye injini na bomba la moshi. Na ukishaanza kutengeneza, gusa kitu kimoja, ujaribu, ndipo uguse cha pili. Anayebadilisha vitu vitano kwa siku moja hatajua kamwe ni kipi kilichomponya, na safari ijayo atanunua vitano tena.

Hoja ya mwisho ya wapinzani wangu ndiyo yenye nguvu kuliko zote, nayo ni hii: milio mingi haina hatari. Ni plastiki zinazosuguana, ni jeki, ni kifungo cha mkanda. Kwa nini mtu mzima apoteze Jumamosi yake kwa ajili ya plastiki? Najibu hivi. Gari lenye milio kumi na miwili haliwezi kukuambia wa kumi na tatu. Jeki unayoiacha ihangaike butini imesimama kati ya sikio lako na boli jointi. Siku boli jointi itakapoanza kuongea, utasema ni jeki. Milio isiyo na hatari huwa na hatari hiyo moja, ya kuifunika ile yenye hatari. Ndiyo maana waundaji wa magari ya umeme wamejikuta na kazi ya ziada: mngurumo wa injini uliokuwa ukizifunika kelele ndogo umeondoka, na kila kijipande cha plastiki sasa kinasikika. Wao wanalichukulia hilo kuwa kazi ya kufanywa. Sisi tunatafuta spika kubwa zaidi.

Redio haikazi nati. Haijawahi kukaza hata moja tangu ilipoanza kufungwa katika magari. Mwenye gari na alipie sikio la fundi kama anavyolipia spea. Fundi na aone haya kutamka jina la kifaa kabla ya kuuliza maswali matatu. Na yule anayeshikilia kwamba gari kuukuu halikosi kelele, na aendelee kushikilia, maadamu yumo garini peke yake na barabara ni tupu. Akishampakia mtoto wa mwenzake, au abiria aliyelipa nauli yake akiamini atafika, hana tena ruhusa ya kuuvumilia mlio asioujua chanzo chake. Azime redio, asikilize.